Tonado ikija usikutwe hapa: namna ya kupanga pa kujificha, hatua kwa hatua

Watu wengi waliofika Marekani karibuni wakisikia kuna tonado, ule upepo mkali unaozunguka kutoka wingu la dhoruba mpaka ardhini, swali lao la kwanza ni itapita wapi. Hilo hata wataalamu wa hali ya hewa hawalijibu mpaka dakika za mwisho kabisa. Swali unaloweza kulijibu leo ukiwa umekaa sebuleni ni jingine, ikipita hapa mimi na wanangu tutakuwa ndani ya kitu gani? Manake ukifuatilia vifo vya tonado nchi hii, sehemu zinajirudia zilezile mwaka baada ya mwaka, treila za kuishi, gari, majengo makubwa yenye paa pana, halafu usiku watu wakiwa wamelala. Tonado zinatokea kama 1,200 kwa mwaka Marekani na nyingi hazimgusi mtu, zile zinazoua mara nyingi zimewakuta watu sehemu mbaya.

Mimi nimepitia mafunzo ya Skywarn, yale ya bure ya kutambua dhoruba ambayo National Weather Service, idara ya hali ya hewa ya Marekani, wanawapa raia wa kawaida, na wikiendi nazunguka na familia zetu hapa Kentucky, Wakongomani, Warundi, Watanzania, Wakenya, tunaingia nyumbani kwao tunachagua pamoja pa kujificha. Ninachoandika hapa ndo tunachofanya tukifika, kwa mpangilio uleule.

Hatua ya 1: jua simu inakwambia nini

Ujumbe unakuja kwa Kiingereza kwaiyo haya mawili kila mtu nyumbani ayajue, hadi bibi. Ukiona Tornado Watch, manake hali ya hewa ya leo inaweza kuzaa tonado, hii inatolewa na Storm Prediction Center, kituo cha kutabiri dhoruba kule Norman, Oklahoma, inafunika kaunti nyingi kwa mpigo na inakaa masaa kadhaa. Bado tonado haipo. Ukiona Tornado Warning, manake kuna mtu ameiona kwa macho au rada imeona mzunguko, na iko upande wako, hapo una dakika tu, saa ingine kama kumi, saa ingine hazifiki hata mbili.

Kinachowaponza wengi ni kusubiri Warning ndo waanze kufikiria waende wapi. Anayeishi kwenye nyumba imara anaweza kusubiri Warning manake safari yake ni kutoka sebuleni mpaka bafuni. Anayeishi kwenye treila, saa yake ya kuondoka ni Watch. Kama hutakumbuka kitu kingine chochote humu, kumbuka hilo.

Hatua ya 2: kama unaishi kwenye treila, tafuta pa kwenda leo

Hapa nakaa muda mrefu kuliko sehemu zote. Nazungumzia zile nyumba zinazotengenezwa kiwandani, zinaburutwa na lori, zinawekwa juu ya matofali. Familia zetu nyingi wamo humo sababu ni nafuu, wengine wameshanunua kabisa, na ni makazi ya heshima kama mengine, sisemi uhame. Ila ukweli wake ni kwamba wanaoishi humo ni kama asilimia 6 tu ya watu wote Marekani lakini karibu nusu ya wanaouawa na tonado wanafia humo.

Sababu iko chini ya sakafu. Kuna uwazi pale, upepo unaingia unanyanyua, na kinachoishikilia nyumba ni mikanda ya chuma iliyofungwa kwenye nanga zilizochimbiwa ardhini, mikanda inaliwa na kutu, nanga kwenye udongo uliolowa zinachomoka, na ikishapinduka mara moja kuta zinaachana na sakafu na kila kilichomo kinakuwa hewani pamoja na watu. Tonado ndogo ya daraja la EF1, kwenye kipimo cha nguvu kinachoanzia EF0 mpaka EF5, upepo wa kilomita 138 mpaka 177 kwa saa, nyumba yenye msingi inapoteza sehemu ya paa na vioo, treila inapinduka. Tarehe 3 Machi 2019 pale Beauregard, Alabama, tonado iliua watu 23, na 19 kati yao walikuwa kwenye nyumba za aina hii. Tena ilikuwa mchana, na tahadhari ilitolewa.

Kitu nachorudia kila nyumba ni hiki, bafu la treila SIO pa kujificha. Watu wamesikia kwenye TV nenda bafuni, nenda kwenye chumba cha katikati, hiyo ni kwa nyumba yenye msingi. Ndani ya treila hakuna chumba salama hata kimoja, hata kama mikanda ni mipya, hata kama umeongeza mingine.

Kwaiyo fanya hivi. Chagua jengo imara lililo karibu, nyumba ya ndugu yenye bezimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, kanisa, msikiti, au shelta ya kaunti kama ipo. Nenda pale mchana, hesabu ni dakika ngapi kwa gari, halafu nenda tena usiku wa mvua uone. Uliza nani ana ufunguo na saa nane za usiku anapatikana vipi, manake nimeshaona shelta nzuri kabisa ina kufuli na hakuna anayejua ufunguo uko kwa nani. Huku kusini treila nyingi hazipo kwenye kambi moja, zimetawanyika moja moja vijijini, jirani yuko mbali, shelta iko mbali zaidi, ndo maana nasema usisubiri Warning.

Watch ikitoka jioni, nenda kalale huko. Najua aibu iliyopo ya kubisha hodi kwa watu na watoto watano na mablanketi, halafu asubuhi jua linawaka hakuna kilichotokea, halafu wiki ijayo tena. Ongea na mwenyeji kabla msimu haujaanza, mwambie wazi siku za hatari tutakuja, tutalala chini, tutaondoka asubuhi. Sijaona ndugu aliyekataa akielezwa hivyo.

Ukikutwa umechelewa kabisa, toka nje ya treila uende sehemu ya chini kuliko barabara, mbali na miti na magari, lala kifudifudi funika kichwa na shingo kwa mikono. Hiyo sio salama, ni afadhali tu. Na usiingie kwenye karavati au mtaro wa maji, usiku wa tonado ya El Reno, Oklahoma, tarehe 31 Mei 2013, kuna watu walijificha kwenye mtaro na mafuriko ya mvua ileile yakawaua.

Hatua ya 3: nyumba yenye msingi au apatimenti

Kanuni ni kushuka chini kabisa na kuweka kuta nyingi kati yako na nje. Bezimenti kama ipo, lakini angalia juu yako kuna nini, usikae chini ya mahali friji au mashine ya kufulia imesimama. Kama hakuna bezimenti, bafu au kabati la nguo au korido ya katikati, floo ya chini, bila dirisha. Usipoteze muda kufungua madirisha, zamani watu waliambiwa yafunguliwe ili presha isilipue nyumba, sio kweli.

Unaishi floo ya tatu? Ongea na jirani wa chini. Sio siku ya tonado, wiki hii.

Halafu kichwa. Wengi hawauawi na kubebwa na upepo, wanauawa na kilichobebwa na upepo, mbao, matofali, mabati, vioo. Weka helmeti za baiskeli za watoto palepale kwenye hicho chumba, na viatu, manake ukitoka utakanyaga misumari, na filimbi ya kuita waokoaji. Mtoto mchanga mfunge kwenye kiti chake cha gari uingie nacho humo humo. Juu yenu blanketi nzito au godoro.

Hatua ya 4: ukiwa barabarani

Hii ni ya madereva wetu wa malori, na wako wengi, lakini pia ni ya yule anayetaka kuikimbia tonado kwa gari. Wichita Falls, Texas, tarehe 10 Aprili 1979, watu 42 waliuawa, na 25 kati yao walikuwa kwenye magari au wakijaribu kutoka kwenye magari. Wengi waliokuwa wakikimbia waliacha nyumba ambazo baadae zilikutwa zimesimama bila kudhurika. Inaumiza kuisoma hiyo. Na El Reno ile ya 2013, iliyotanuka mpaka kilomita 4.2, iliua watu 8 na wote habari yao ni ya barabarani, wakiwemo Tim Samaras, mwanae Paul na mwenzao Carl Young, watafiti waliokuwa wamefuatilia tonado kwa miaka. Wakati huohuo haiwei za Oklahoma City zilijaa magari ya watu waliokuwa wanakimbia, foleni haisogei. Kama watu waliobobea ilipata gari lao, mimi na wewe tusijidanganye.

Ukiwa barabarani na Warning ikatoka mbele yako, tafuta jengo. Sheli, sehemu ya malori kupumzika, mgahawa, ingia mpaka ndani kabisa, vyooni au kwenye chumba cha baridi. Pale Joplin, Missouri, tarehe 22 Mei 2011, tonado iliua zaidi ya watu 150, lakini kundi la watu kama ishirini waliojibana kwenye friji la vinywaji la sheli moja walitoka hai wakati sheli yenyewe imebomoka.

Usisimame chini ya daraja. Hii imani ilienea baada ya video moja ya Kansas ya mwaka 1991, watu walijibanza chini ya daraja wakapona, TV zikarusha sana. Ukweli ukaja tarehe 3 Mei 1999 Oklahoma, watu walikufa chini ya madaraja matatu tofauti. Pale chini upepo unabanwa unaongezeka nguvu, uchafu unapenya, na ukisimamisha gari unawafungia njia wa nyuma yako.

Kama hakuna jengo na vitu vimeshaanza kuruka, paki pembeni, mkanda ufungwe, inama kichwa kiwe chini ya usawa wa dirisha, funika kwa jaketi au mikono. Kama kuna bonde dhahiri chini ya barabara na unaweza kulifikia, shuka ulale. Lori tupu ndo baya zaidi, linapinduka haraka kuliko lenye mzigo.

Hatua ya 5: kazini, hasa shifti ya usiku

Usiku wa Ijumaa tarehe 10 Desemba 2021 kiwanda cha mishumaa cha Mayfield, hapahapa Kentucky, kilikuwa na watu kama 110 ndani, tonado ikakipiga saa tatu na nusu usiku na watu 9 wakafa. Saa moja hivi kabla, kule Edwardsville, Illinois, ghala la kusambazia mizigo liliporomoka likaua 6. Majengo haya paa lake ni pana halina nguzo nyingi, paa na kuta vinashikiliana, paa likinyanyuka zile kuta ndefu za zege hazina kinachozishika zinaanguka ndani. Pale Edwardsville sehemu iliyotengwa ya kujificha ilikuwa upande wa kaskazini, maafa yakawa upande wa kusini.

Kwaiyo siku ya kwanza kazini, au kesho kama uko kazini tayari, mwulize supavaiza mahali pa kujificha ni wapi, atembee na wewe mpaka pale, sio kukuonyesha kwa kidole kwenye ramani ukutani. Ukifika jiulize, hapa kuna kuta ndogondogo na dari ya chini, au ni kona tu ya ukumbi uleule? Vyoo vya ndani kabisa ni bora kuliko kukaa katikati ya rafu. Uliza pia simu zinaruhusiwa wapi, na kama haziruhusiwi ni nani atakwambia Warning imetoka. Muulize mbele ya wenzako ili na wao wasikie, hasa wale ambao Kiingereza bado kinawasumbua.

Supermaketi na ukumbi wa michezo wa shule ni hadithi ileile, kimbia kwenye vyumba vidogo vya ndani, sio mlangoni na sio parkingi.

Hatua ya 6: usiku

Tonado ya usiku uwezekano wake wa kuua ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mchana. Huioni, umelala, na ving'ora vya mtaani vimewekwa kwa ajili ya walio nje, usitegemee vikuamshe. Tarehe 3 Machi 2020 karibu na saa nane usiku watu 19 walikufa kwenye kaunti ya Putnam, Tennessee. Na usiku uleule wa Mayfield, Bowling Green ilipigwa baada ya saa saba usiku, waliokufa walizidi 15, wakiwemo watoto na familia za wahamiaji.

Chukua simu sasa hivi, ingia kwenye settings, hakikisha Emergency Alerts iko on. Wengi walizima sababu ule mlio unatisha, iwashe. Usiku wa Watch simu ilale na sauti na chaji imejaa, ya baba na ya mama zote mbili. Nunua na redio ya NOAA ya betri, ile ya kupokea tahadhari za hali ya hewa za serikali, unaiseti kwa kaunti yako, inakaa kimya mpaka tahadhari ya kaunti hiyo itoke ndo inapiga kelele. Mtandao ukikatika yenyewe inaendelea.

Halafu fanyeni zoezi taa zimezimwa. Watoto walale kweli, waamshe, muingie wote kwenye kile chumba. Utagundua mara moja nani hasikii, mlango gani unakwama, na kwamba bibi anahitaji mtu wa kumshika mkono, basi amua leo huyo mtu ni nani.

Hatua ya 7: ikishapita

Usiwashe kiberiti, ukisikia harufu ya gesi tokeni. Usiguse waya wowote ulioanguka wala maji ambayo waya umeangukia. Jenereta ikae nje mbali na madirisha, moshi wake hauonekani na umeua watu waliokuwa wamepona tonado yenyewe. Ukipiga 911, namba ya dharura, na Kiingereza kimekukimbia kwa hofu, sema neno "Swahili" na utaje anwani yako kwanza kabla ya kitu kingine, vituo vingi vina mkalimani wa kwa simu, usikate hata wakikaa kimya, wanakuunganisha.