SOMO: Kuchungulia ndani ya volkano ya chini ya bahari kwa data za mvutano na mitetemo (soma YOTE ndo uulize)

Wadau, nimechoka na inboksi. Naandika mara moja, ukiniuliza tena nakutumia linki. Mfano ni Fani Maoré, ile volkano iliyozaliwa 2018 kama kilomita 50 mashariki ya Mayotte, maana ni ya majirani.

1. Shusha gridi ya mvutano (nguvu ya uvutano, gravity) ya setilaiti ya Scripps, taasisi ya bahari ya Marekani, na gridi ya kina ya GEBCO, mradi wa ramani za sakafu ya bahari duniani. Bure zote.

2. Kata eneo lako kwa GMT (programu ya bure ya ramani).

3. Sahihisha athari ya maji. Hapa ndo watu wanaharibu. Ile gridi ya mvutano imeshasawazishwa kwa usawa wa bahari, usiisahihishe urefu tena. Nchi kavu unatoa uzito wa mwamba, baharini UNAONGEZA, kwa sababu maji ni mepesi na unajifanya umejaza shimo lote kwa mwamba: 0.0419 × (densiti ya mwamba − 1.03 ya maji ya bahari, zote kwa gramu kwa sentimita ya ujazo) × kina kwa mita. Mwamba wa 2.67 na maji ya mita 3,000 inakuja miligali (kipimo cha mvutano) 206 hivi. Hiyo ni ya sakafu tambarare, kwenye miteremko ya volkano piga hesabu ya umbo lote.
Na onyo: kina cha GEBCO hakijapimwa chote! Pale meli hazijapita wamekikisia kutoka kwa mvutano huohuo wa setilaiti, sasa ukikitumia kuelezea mvutano unajiuliza na kujijibu mwenyewe. Fungua gridi yao ya TID, inayoonyesha kwa namba kila kina kimetoka wapi: 10 na 11 meli imepima, 40 ni makisio. Eneo likijaa 40 achana nalo, modeli itatoka safi kabisa na ni uongo mtupu.

4. Leta mitetemo. Mvutano peke yake hauwezi kutofautisha kitu kidogo cha karibu na kikubwa cha mbali chini. Meli inafyatua hewa ya presha, sensa zilizolala sakafuni zinasikiliza. Kwa maji wimbi linaenda kilomita 1.5 kwa sekunde, kwa basalti ngumu 5 hadi 6, likizubaa chini ya kaldera (shimo kubwa la volkano) shuku joto au magma. Pale Axial, volkano ya baharini mbele ya Oregon, Marekani, chemba ya magma walichorea hivyo.

5. Geuza kasi iwe densiti, kokotoa mvutano, linganisha na hatua ya 3, rekebisha, rudia.

MASWALI

– Boss nitumie modeli iko tayari, dedilaini kesho
Hapana.

– Mbona napata hasi 200 bahari yote?
Umetoa. Hatua ya 3, niliandika kwa herufi kubwa.

– Hatua ya 5 naweza tumia Gardner (fomula ya kugeuza kasi iwe densiti)?
Swali zuri. Ile ilitokana na miamba ya mashapo, lava yenye vitundu inaidanganya. Tafuta vipimo vya sampuli za eneo lako, zikikosa jaribu densiti kadhaa uone jibu linayumba kiasi gani.

– Ule mlio wa mitetemo wa 11 Novemba 2018 ndo wa Fani Maoré?
Ndio bana! Wimbi moja kila sekunde 17 hivi, zaidi ya dakika 20, na sensa za Kenya zilinasa.

– Niko Kisumu, ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria tunaweza? Nawaza mlima wa Homa Hills
Omera, umenifurahisha. Gridi ya setilaiti isahau, itabidi upime mwenyewe. Maji ni ya chumvi kidogo sana, weka 1.00 badala ya 1.03, na uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya bahari kwa hivyo sahihisho la urefu linarudi. Kina ni kidogo, mita 20 za maji ni kama miligali 1.4 tu. Anza na vipimo vya nchi kavu kuuzunguka mlima, boti baadaye.