Ghala la korosho litatosha msimu huu? Pima kwa Excel kabla lori hazijapanga foleni

Wakuu habari za kazi, hii ni kwa wale tunaohangaika na maghala huku Mtwara, na wenzetu wa Lindi pia maana mambo ni yale yale. Swali la kila mwaka ni moja, ghala litatosha au tukakodi jingine? Wengi wanapiga wastani tu af wanalala, Novemba ikifika lori za Tandahimba na Newala zimejipanga barabarani na ndani hakuna pa kukanyaga.

Tuanze na wastani wenyewe. Namba zote hapa ni za mfano, weka zako. Tuseme unapokea tani 120 kwa siku, mnada ni mara moja kwa wiki kwa hiyo mzigo unangoja kama siku 3, halafu mnunuzi alipe na aje kutoa, hapo siku 5 mpaka 14, yaani wastani 9.5. Jumla siku 12.5, zidisha kwa 120 unapata tani 1,500, kwa gunia za kilo 80 hizo ni gunia 18,750. Huo ndo mzigo utakaokuwa umelala ndani kwa siku ya kawaida, sasa tatizo ghala halifurikagi siku ya kawaida. Kwa hiyo tutaifanya Excel ibuni misimu mingi, tuone kilele kinafika wapi.

Hatua ya 1. Fungua daftari la mapokezi la msimu uliopita, chukua siku 60 za kilele tu, usichanganye na zile za mwisho wa msimu zinazoleta gunia mbili tatu, ziandike J2 mpaka J61. Siku za mvua ambazo lori hazikufika ziache na sifuri yake, usizifute.

Hatua ya 2. Safu ya A andika siku 1 mpaka 90, kuanzia A2. B2 ni mapokezi: =INDEX(J$2:J$61,RANDBETWEEN(1,60)), yaani Excel inaokota siku moja kati ya zile 60 kwa bahati nasibu. C2 ni siku ya mnada: =CEILING(A2,7).

Hatua ya 3, na hapa naomba utulie kidogo maana ndo penyewe. Ukiweka RANDBETWEEN kwenye kila mstari ili kila siku iwe na muda wake wa kutoka, Excel itakudanganya vizuri kabisa, mzigo utaonekana unatoka kidogo kidogo kama maji ya bomba. Kiuhalisia mnunuzi akichukua loti kubwa na meli ikachelewa au makontena matupu hayapo bandarini, ile loti yote inakaa, haitoki hata gunia. Kwa hiyo muda upangwe kwa mnada, sio kwa siku. H2 mpaka H14 weka =RANDBETWEEN(5,14), minada 13 hiyo, af D2, siku ya kutoka, iwe =C2+INDEX(H$2:H$14,C2/7). Kwa namba zetu hizi kilele kitapita tani 2,200 kirahisi, na ni ghala lile lile la wastani wa 1,500.

Hatua ya 4. E2 ni mzigo uliopo: =SUM(B$2:B2)-SUMIF(D$2:D2,"<="&A2,B$2:B2). Buruta B mpaka E zishuke hadi mstari wa 91. K2 weka =MAX(E2:E91), hicho ndo kilele cha msimu mmoja wa kubuni. Kuna watu watakwambia utupe wiki za mwanzo kwa sababu modeli inaanza tupu, kwa kiwanda sawa, ila ghala letu kweli linaanza tupu Oktoba, ziache.

Hatua ya 5. Irudie mara 500. L2 mpaka L501 namba 1 hadi 500, M1 andika =K2, chagua L1:M501, nenda Data, What-If Analysis, Data Table, kwenye Column input cell gusa seli yoyote tupu. Kisha =PERCENTILE(M2:M501,0.95). Hiyo ndo namba ya kupangia, misimu 95 kati ya 100 haitaizidi.

Kabla hujaipeleka kwa bosi, bandika mapokezi halisi ya mwaka jana kwenye B na idadi halisi ya siku toka mnada mpaka kutoa kwenye H, ulinganishe E na kitabu cha stoku. Zikiachana sana rekebisha kwanza.

Na tani sio nafasi. Mzigo wa AMCOS hii (chama cha ushirika cha wakulima) hauwekwi juu ya wa AMCOS ile, daraja la kwanza na la pili navyo vinatengana, bado njia za wakaguzi na nafasi ya ukutani, kwa hiyo staki (rundo la gunia) iliyobaki nusu inakula sakafu kama iliyojaa. Pima ghala lako likiwa limepangwa kihalali, usitumie ile namba ya kwenye mchoro wa mkandarasi.

Mwisho jaribu kitu kimoja kabla ya kukodi: badilisha 14 iwe 10 kwenye H. Wastani unashuka tani 240, ila kilele kinashuka zaidi ya hapo, maana mizigo ya minada miwili ikiwa bado ndani ule wa tatu unakuwa haujajaa. Linganisha kodi ya ghala la pili na gharama ya kumbana mnunuzi atoe mzigo ndani ya siku 10, ndo uende kwenye kikao.