Kumwachisha mzee vishikio kwenye mashine ya kukimbilia

Mzee anayetembea ameng'ang'ania vishikio anazoeza zaidi moyo na miguu. Kazi ya kujisawazisha inabaki mikononi, na siku akijikwaa ukumbini hakuna cha kushika.

1. Kizunguzungu kisichoeleweka, kuzirai, maumivu ya kifua au mfupa uliovunjika karibuni: daktari kwanza.

2. Pima mwendo wake sakafuni, mita 10, baada ya mita 2 za kuanzia. Gawanya 36 kwa sekunde upate kilomita kwa saa: sekunde 12 ni kilomita 3. Kwenye mashine anza na nusu, yaani 1.5.

3. Mvalishe hanesi, yaani vazi la kumzuia asianguke, iliyofungwa kwa kamba juu kwenye fremu imara. Akikunja magoti mpaka kamba imbebe, magoti yasiguse mkanda wa mashine; akisimama wima, kamba isimvute. Klipu ya dharura, ile inayosimamisha mashine ikivutwa, ibanwe nguoni.

4. Vishikio. Hapa ndipo muda mwingi unapopotea. Dakika tatu mikono yote miwili, kisha mmoja, kisha vidole viwili, kisha kiganja wazi juu ya chuma bila kukunja vidole, mwisho hatua 10 bila kushika. Wengine hukaa kwenye kiganja vipindi kadhaa, waache. Usibadilishe mambo mawili pamoja: ukiongeza kasi, 0.2 tu, mwache ashike tena kwa mkono mmoja.

Akidaka vishikio tena, chunguza macho kwanza. Anayetazama miguu huinama, hatua hufupika, mkanda humpeleka nyuma, naye hujivuta mbele kwa mikono. Kumwambia "achia" hakusaidii. Bandika karatasi ya rangi ukutani usawa wa macho yake, akanyage kwa kisigino. Ikishindikana, shusha kasi.

Usimpe mkono wako, maana huo nao ni kishikio. Simama pembeni, nyuma kidogo, nje ya mkanda, mkono wako ukiwa tayari kiunoni mwake. Bila hanesi, ishia kwenye kiganja.

5. Akizoea, ageuze kichwa kulia na kushoto, au ahesabu kurudi nyuma kwa tatutatu kuanzia 50. Usimshtue kwa kubonyeza kasi ghafla. Mazoezi ya kuteleza kwa makusudi yanataka mashine maalumu, hanesi na mfiziotherapia.

6. Punguza kasi taratibu. Mkanda ukisimama, ashike vishikio dakika nzima kabla ya kushuka. Sakafu bado itaonekana inatembea.