Kabla Hujalipa Ada ya Chuo cha Masaji

Anayetafuta chuo cha masaji Dar es Salaam, Arusha, Unguja au Mombasa hakosi matangazo. Kuna kozi za wiki mbili, za mwezi mmoja, za miezi sita, na karibu zote zinaahidi cheti na kazi hotelini. Lakini ukifika hotelini, msimamizi wa spa akishatazama cheti hulala kitandani mwenyewe au humwita mwenzake, kisha hukuambia, "Haya, tuchue." Dakika kumi zinamtosha kujua kama mikono yako ilifundishwa. Ndiyo maana mimi humwambia kila anayeniuliza habari za vyuo aanze na jambo moja: utachua watu wangapi, kwa saa ngapi, na nani atakuwa amesimama pembeni akikurekebisha?

Saa zina hesabu yake. Kozi ya miezi mitatu, siku tano kwa wiki, saa nne kwa siku, haifiki hata saa 270. Marekani, majimbo mengi hayampi mtu leseni ya masaji mpaka awe na saa 500 au zaidi za masomo, na New York wanataka 1,000. Huku kwetu hakuna anayekudai saa hizo, na kozi fupi nzuri zipo. Ila kama una ndoto ya kuhamia nje siku za mbele, omba chuo kikupe, pamoja na cheti, karatasi inayoonyesha masomo uliyosoma na saa za kila somo. Cheti kitupu chenye muhuri na picha hakitamwambia mtu wa huko chochote. Na saa za nadharia zitenganishwe na za vitendo. Chuo kikishindwa kuzitenganisha, ujue hakijawahi kuzihesabu.

Nenda ukakitembelee siku ya masomo, si siku waliyokupangia wao. Angalia vitanda. Wanafunzi wawili kwa kitanda kimoja ni sawa kabisa: mmoja analala, mwenzake anachua, kisha wanabadilishana, na kila mmoja anajifunza pia kwa kuchuliwa. Wanafunzi wanane wakikizunguka kitanda kimoja kumtazama mkufunzi, hapo wanatazama tu. Muombe mwanafunzi anayekaribia kumaliza akuchue, hata kama ni kwa kulipia. Sikiliza uzito wake unatoka wapi. Aliyefundishwa vizuri anasukuma kwa mwili mzima, miguu imekaa imara, mgongo umenyooka, na anajua kutumia kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kifundo, na kiwiko chenyewe mahali panapotaka nguvu. Asiyefundishwa anabonyeza kwa vidole gumba mwanzo mwisho. Vidole hivyo huisha. Wapo waliolazimika kuiacha kazi hii wakiwa bado vijana kwa sababu ya maumivu ya vidole, vifundo vya mikono na kiuno, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa hata kwamba kimo cha kitanda hurekebishwa kulingana na urefu wa anayechua.

Jambo ambalo vyuo vingi vifupi hulipita mbio ni kujua wakati wa kutomgusa mtu. Chukua mfano wa mgeni aliyeshuka Zanzibar baada ya kukaa kwenye ndege saa nane au kumi. Anakuja spa, anasema shavu la mguu mmoja linauma, anataka ulichue kwa nguvu hapo hapo. Mguu huo umevimba kuliko mwenzake na una joto. Inawezekana damu imeganda ndani ya mshipa, na kuchua kunaweza kulisogeza bonge hilo mpaka kwenye mapafu. Mtu hufa kwa hilo. Mwanafunzi aliyefundishwa anaacha, anamweleza kwa upole, anamwelekeza kwa daktari. Yako mengine ya kukataa au kuchukulia tahadhari: homa, ugonjwa wa ngozi unaoambukiza, mfupa uliovunjika karibuni, mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mimba. Muulize mkufunzi akutajie hali ambazo mteja hachuliwi. Akikujibu kwamba masaji haina madhara, shukuru na uondoke.

Hapo hapo uliza habari za mafuta. Mafuta ya karafuu yasipozimuliwa huunguza ngozi, na mafuta ya lozi huweza kumdhuru mwenye mzio wa lozi na jamii yake. Chuo kinachokupa chupa bila kukufundisha kipimo hakijakufundisha. Kwa Unguja na Pemba ningependa pia kijana aulize kama kuna somo la singo na liwa, vile vitu vya asili vya kusugua na kupaka mwili, na kama anayelifundisha ni mama anayewasinga maharusi kweli. Wageni wanaiulizia sana, na ni elimu yetu. Inasikitisha kuiona ikifundishwa kwa kusomewa karatasi.

Sasa nije kwenye lile watu wanaloogopa kulisema mbele ya wazazi. Kazi hii imechafuliwa jina na vyumba vinavyouza ngono vikijiita vya masaji, na binti au kijana anayeingia darasani anabeba aibu isiyo yake. Chuo chenye heshima hulizungumza wazi. Hufundisha kumfunika mteja kwa shuka na kufunua tu sehemu inayochuliwa, kisha kuifunika tena. Hufundisha maneno ya kusema, kwa Kiswahili na Kiingereza, mteja anapoomba kisichokuwepo kwenye huduma, na kwamba una haki ya kusimamisha kazi na kutoka chumbani. Muulize mkufunzi: mteja akinishika, nifanye nini? Akicheka, au akisema utazoea, usimpe pesa yako. Uliza pia kama mwanafunzi hulazimishwa kuchuliwa na mtu asiyemtaka wakati wa mazoezi, na mzazi aulize jina la mahali watoto wanakopelekwa fildi, yaani mazoezi ya kazini, kisha apige simu huko mwenyewe. Kwangu mimi hili linazidi uzito hata hesabu ya saa.

Usajili ni rahisi kuuhakiki kuliko watu wanavyodhani. Uliza mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi: Tanzania Bara ni NACTVET, Zanzibar ni Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, Kenya ni TVETA. Usiridhike na cheti kilichotundikwa ukutani. Uliza kozi yenyewe ya masaji kama imo kwenye usajili, kwa sababu chuo huweza kusajiliwa kwa ushonaji au kompyuta kikaongeza masaji kimyakimya. Chuo kikitaja mitihani ya mashirika ya nje ya nchi kama CIDESCO au ITEC, waandikie wenye mitihani hiyo uwaulize kama wanakitambua. Na kikidai kwamba ukimaliza utatibu kiharusi au uti wa mgongo, hapo pana uongo. Kazi hiyo ni ya madaktari na wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, ambao husomea kwa miaka kadhaa, kama pale hospitali ya KCMC Moshi. Masaji humsaidia mtu kulegea na kupunguza maumivu ya misuli, na hilo peke yake ni kazi ya kutosha.

Kuhusu kazi Uarabuni, chuo ni chuo na wakala ni wakala. Anayekuuzia kozi na safari kwa risiti moja muulize leseni ya uwakala, na Kenya jina lake lithibitishwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Ada yenyewe ina matawi. Waulize mafuta, taulo, shuka, sare, mtihani na fildi vimo ndani au vinalipiwa mbali, na waandike jibu. Ukiugua katikati ya kozi, unarudi na kundi linalofuata au pesa imekwenda? Lipa kwa awamu wakikubali, benki au kwa namba ya malipo yenye jina la chuo, kamwe si kwa simu ya mkufunzi, na usilipe awamu ya mwisho kabla hawajakuonyesha tarehe na mahali pa fildi yako kwa maandishi.