Kupima mstari mwekundu wa Delta Scorpii bila darubini

Katikati ya Julai, saa tatu usiku, nikiwa uani kwangu Iringa, kichwa cha kundinyota la Nge kinakaribia utosini. Nyota tatu zimejipanga hapo. Ya katikati ndiyo Delta Scorpii. Mwaka 2000 Sebastián Otero wa Argentina aliitazama kwa macho tu akagundua mng'ao wake umeongezeka. Nyota hii huzunguka kwa kasi na kumwaga gesi, na gesi hiyo huizingira kama sahani, ikiwaka kwa wekundu wa haidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. Sahani hunenepa na kukonda. Mwanga wa nyota ukitawanywa kuwa rangi zake, wekundu huo huonekana kama mstari, nao ndio ninaoufuatilia.

Natumia kamera yenye lenzi ya milimita 135, stendi ya miguu mitatu, na kioo cha kutawanya mwanga chenye mistari 100 kwa milimita, nilichokifunga mbele ya lenzi kwa kadibodi nyeusi yenye tundu. Zungusha kamera na kioo mpaka spektra, yaani uzi wa rangi za mwanga wa nyota, ilale kaskazini-kusini. Stendi haifuati anga, nalo ni jambo jema: nyota ikisogea magharibi kwa sekunde 10, uzi mwembamba wa rangi hutanuka ukawa utepe wa pikseli ishirini na kitu. Piga picha 30 za RAW, yaani ghafi, zisizochakatwa na kamera.

Usiiache nje Beta Scorpii, jirani yake wa kaskazini. Zote mbili zinaenea kwenye fremu moja, ila mstari wa Beta pale 656.3 ni mweusi. Msimu mmoja niliandika daftarini kwamba mstari wa Delta umeshuka ndani ya wiki mbili, na moyo ulinidunda. Nilipomtazama Beta, mstari wake mweusi nao ulikuwa umefifia. Baridi ya Iringa ilikuwa imelegeza fokasi, basi. Tangu hapo nafokasi kwenye wekundu wa spektra yenyewe, si kwenye nyota, na narudia kila nusu saa.

Piga na nyota Vega, kaskazini mashariki: mistari yake ya nanomita 434.0, 486.1 na 656.3 ndiyo rula yako ya kugeuza pikseli kuwa nanomita. Katika programu (BASS Project ni ya bure) gawanya spektra kwa mwanga wa kando ya mstari, kisha pima eneo la kilele ambacho mstari huchora kwenye grafu, si kimo chake. Fokasi ikilegea kimo hushuka, eneo hubaki.

Andika muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia: saa tatu usiku yetu ni 18:00.