Kabla Hamjaingia Saadani kwa Siku Moja

Watu wakisikia Saadani hufungasha taulo na spika, utadhani wanakwenda Coco Beach. Ni kweli hii ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara inayopakana na Bahari ya Hindi, lakini kabla ya ufukwe kuna pori. Mkienda kwa msafara wa magari, jiandaeni kwa pori kwanza.

Jazeni mafuta kabla ya kuacha lami. Lipieni kiingilio mapema, msitegemee fedha taslimu langoni. Kitambulisho cha taifa kila mtu na chake. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Msivae bluu wala nyeusi: mbung'o huzifuata rangi hizo, na jinzi haiwazuii kuuma.

Sasa barabara. Udongo mweusi wa kule ukikauka unapitika vizuri. Ukinyeshewa, hata manyunyu tu, humeza gari. Masika moja tulikuta Noah mbili za familia moja zimenasa njia ya kuelekea mto Wami. Wa mbele alikanyaga mafuta, tairi zikazunguka palepale mpaka tope likaziba kashata zote. Wa nyuma akasogea kumvuta, naye akazama. Kamba yao ilikuwa ya manila, ya kufungia mizigo. Ilikatika jaribio la kwanza. Mtandao hakuna. Kushuka wanaogopa, maana mavi ya tembo yalikuwa mabichi hapo pembeni. Watoto wanalia kiu, na dumu la maji liko chini kabisa kwenye buti la gari, limelaliwa na jiko na gunia la mkaa. Tuliwanasua jua likiwa limeshainama, na boti waliyoilipia ilishaondoka.

Kwa hiyo bebeni mkanda wa kuvutia gari, koleo na mbao mbili. Maji yakae juu, kila gari na yake. Gari la nyuma lisiingie topeni mpaka la mbele litoke. Na muulizeni askari wa hifadhi langoni njia ipi inapitika leo. Jibu la wiki iliyopita halifai.

Wami ina viboko na mamba, hivyo asioshe mtu miguu ukingoni. Nyani hawasubiri kukaribishwa, fungeni vioo. Kwenye ufukwe wa Madete kasa hutaga mayai, msiendeshe gari mchangani. Jioni msingoje giza. Na huyo mjomba anayedai anaijua njia ya mkato, mnyang'anyeni usukani mapema.