Namna ya kupima kina na mtiririko wa kijito cha mtaani, kuanzia ubao hadi alama nyekundu

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unakatiza Dar es Salaam na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na hadi leo mvua kubwa ikipiga, barabara ya Jangwani hufungwa. Mimi naishi kando ya kijito kimojawapo kinachomwaga maji Msimbazi. Nimekipima kila siku kwa misimu kadhaa, na ninachoeleza hapa ni kazi ambayo watu wawili wanaweza kuianza Jumamosi moja kwa mbao, rangi, tepu na daftari.

Hatua ya 1: Tafuta mahali

Chagua kipande kilichonyooka, walau mita 20, chenye kitu kisichohama: nguzo ya daraja au ukuta wa zege. Epuka kukaa karibu na kalvati, upande maji yanakotokea. Kalvati likizibwa na chupa, magodoro na viroba, maji hupanda hata kama mtiririko haujaongezeka, na namba zako zitakudanganya. Vilevile, ukiwa sehemu za chini karibu na bahari, bahari ikijaa husukuma mto kurudi nyuma mara mbili kwa siku. Panda juu hadi pale bahari haifiki.

Mweleze mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla hujapiga msumari. Kwa Dar es Salaam, mito iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Wajulishe pia.

Hatua ya 2: Funga geji

Geji ni ubao wenye sentimita, basi. Usitumie chuma wala alumini, maana utakuta wauza chuma chakavu wameshapita nayo. Mimi napenda zaidi kuchora moja kwa moja kwenye nguzo ya zege kwa rangi ya mafuta: kwanza paka nyeupe yote, kisha mistari myeusi kila sentimita 2, namba kubwa kila sentimita 10, zisomeke kutoka ukingoni. Tumia timazi ili mstari usimame wima.

Sifuri iwe chini kuliko maji yatakavyowahi kushuka, hata kama itabidi uchimbe mchanga kidogo. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: chonga alama ya kudumu mahali pengine, kwa mfano kwenye msingi wa nyumba iliyo juu ya ukingo, na upime tofauti ya kimo kati ya alama hiyo na sifuri. Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule mafundi wanaosawazishia msingi, unatosha kabisa. Kila masika na vuli zikiisha, rudia kipimo hicho. Ubao ukilala au ukihama sentimita 5 bila wewe kujua, daftari zima linaharibika kimyakimya.

Hatua ya 3: Soma, andika

Siku za kawaida soma mara mbili, asubuhi na jioni. Mvua ikianza, soma kila dakika 5. Kijito cha mjini hakina subira: mabati, lami na zege havinywi maji, hivyo kinaweza kujaa na kushuka ndani ya saa moja. Anayesoma asubuhi tu ataandika siku ya mafuriko kama siku ya kawaida.

Kuhusu saa, kubalianeni mapema. Kijana aliyekuwa akinisaidia aliandika "saa 8", akimaanisha saa nane mchana. Mimi nikaingiza kwenye kompyuta 08:00, na wiki nzima nikasumbuka kuelewa kwa nini maji yalijaa kabla ya mvua kunyesha. Sasa daftari letu lina saa 24 tu: 14:00, hakuna mjadala.

Hatua ya 4: Kamata kilele cha usiku

Mafuriko mengi yatakukuta umelala. Chukua bomba la plastiki la inchi 2, toboa matundu chini, funika juu na uache tundu dogo la hewa. Ndani weka ufito uliopakwa chaki ya rangi toka juu hadi chini. Lifunge wima kando ya geji, mwanzo wake ukilingana na namba unayoijua. Maji yakipanda yanaosha chaki, na asubuhi ukichomoa ufito unaona mpaka: chini mbao tupu, juu rangi. Hapo ndipo maji yalipofika. Pima, andika, paka chaki upya.

Mashine za kupima kimo cha maji kwa mawimbi ya sauti, zinazofungwa chini ya daraja, ni nzuri, lakini ziongeze baadaye. Hakikisha yako inarekebisha hesabu kulingana na joto la hewa. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, na karibu mita 350 kwenye nyuzi 32. Daraja likiwa mita 3 juu ya maji, tofauti hiyo inakupotosha kwa takribani sentimita 6.

Hatua ya 5: Pima mtiririko

Vaa mabuti na glavu. Mvua zikinyesha watu hutapisha vyoo humu, na kipindupindu na homa ya panya havichagui. Maji yakipita magoti, usiingie.

Tandaza kamba toka ukingo hadi ukingo. Mfano wa siku moja: upana mita 4.2, nikaugawa vipande 7 vya mita 0.6. Kina katikati ya kila kipande kilikuwa mita 0.08, 0.15, 0.22, 0.26, 0.24, 0.16 na 0.09. Jumla 1.20, zidisha kwa 0.6, eneo ni mita za mraba 0.72.

Sasa mwendo. Pima mita 10 kando ya maji, dondosha chungwa juu kidogo ya alama ya kwanza, bonyeza saa linapoipita, na tena linapopita alama ya mwisho. Chungwa ni bora kuliko chupa tupu kwa sababu linazama karibu lote, upepo haulishiki. Rudia mara kumi, kushoto, katikati na kulia. Wastani wangu ulikuwa sekunde 25, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.8 kwenye kijito chenye kina kifupi na mawe. Wengi hutumia 0.85 kwenye maji ya kina zaidi. Mwendo ni 0.32, na mtiririko ni 0.72 × 0.32 = mita za ujazo 0.23 kwa sekunde, takribani lita 230.

Wakati wa mafuriko simama darajani na utumie taka zilizozama nusu badala ya chungwa.

Hatua ya 6: Unganisha kina na mtiririko

Kila kipimo cha mtiririko ni nukta moja kwenye karatasi ya grafu: kina ulichosoma kwenye geji wakati uleule upande mmoja, mtiririko upande wa pili. Ukishapata nukta kumi na zaidi, za maji machache na mengi, chora mstari unaozipitia. Kuanzia hapo, kusoma geji pekee kunakupa mtiririko. Mchanga ukijaa au ukichotwa na wachimbaji, mstari huo umekufa, pima upya.

Hatua ya 7: Alama za rangi

Kwa mpira uleule wa maji, hamisha kimo cha kizingiti cha nyumba ya chini kabisa hadi kwenye geji, upake mstari mwekundu. Kwetu ni mita 1.35, kizingiti cha mama mmoja mchoma samaki. Sentimita 40 chini yake tulipaka njano: ikifikiwa, aliye karibu anapuliza filimbi na kutuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Andika kila mara muda kati ya njano na nyekundu. Sisi tumewahi kupata dakika 25, na mara moja dakika 11. Tunajipanga kwa 11.